Kukua kikazi ukiwa afisa wa tathmini ya huduma za wanafunzi: mwongozo kutoka Lamu

Katika vyuo vyetu vya Lamu na Malindi, kazi ya kutathmini huduma za wanafunzi mara nyingi haina mlango wenye kibao. Humwangukia mtu: mshauri wa wanafunzi, karani wa ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, mlezi wa bweni, au mwalimu aliyeonekana siku moja akipanga jedwali la Excel bila kuhangaika. Tangu siku hiyo yeye ndiye wa kugawa hojaji, kuhesabu majibu na kuandika ripoti, juu ya kazi zake za awali na kwa mshahara ule ule. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Haufundishi takwimu tangu alifu. Unaonyesha namna ya kuifanya kazi hii ikufikishe mahali: cheo, mshahara, au kazi nyingine iliyo bora.

Msimamo wangu nautanguliza. Katika vyuo vidogo, anayepanda ni yule ambaye takwimu zake zilibadilisha uamuzi fulani, na ana karatasi ya kuthibitisha hivyo. Vyeti navyo vina nafasi yake, ila nimeviweka karibu na mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Kazi iingie kwenye maandishi

Kazi ya mdomo haimpandishi mtu cheo. Kabla ya hojaji nyingine yoyote, omba barua inayokutaja kuwa mratibu wa tathmini katika kitengo cha masuala ya wanafunzi. Usiiombe kama hisani. Ioanishe na mzigo ambao chuo tayari kinaubeba. Taasisi za umma nchini Kenya hufanya kazi chini ya mikataba ya utendaji, mfumo ulioanza mwaka 2004, na kupima kuridhika kwa wateja ni jambo lililozoeleka ndani ya mikataba hiyo. Mteja wa kwanza wa chuo ni mwanafunzi. Vyuo vya ufundi navyo vinaangaliwa na TVETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi, chini ya sheria ya mwaka 2013, na vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa sheria ya mwaka 2012. Wakaguzi wakija wataka ushahidi, na ushahidi hauokotwi usiku wa kuamkia ukaguzi.

Barua yako iwe fupi: "Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, tangu muhula uliopita nimekuwa nikikusanya maoni ya wanafunzi kuhusu bweni, chakula na ushauri. Naomba jukumu hili liandikwe katika maelezo yangu ya kazi, pamoja na saa za wiki nitakazolitumia, ili ripoti za mkataba wa utendaji na za ukaguzi ziwe na mwenyewe." Neno la saa usiliache. Bila saa kuandikwa, kazi itaendelea kufanywa baada ya swala ya Isha, nyumbani kwako, kwa bando lako.

Hatua ya 2: Jipime kwa kipimo cha wengine, kisha ukipunguze

Kazi hii kama taaluma imekomaa zaidi Marekani, kwa hivyo vipimo vingi vimeandikwa huko. Vyama viwili vikubwa vya watumishi wa masuala ya wanafunzi, NASPA kilichoanza mwaka 1919 na ACPA kilichoanza 1924, vilitoa pamoja orodha ya umahiri mwaka 2010 na kuipitia upya 2015. Ina maeneo 10, na moja kati ya hayo ni tathmini na utafiti. Kila eneo lina ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Kabla ya hapo, mwaka 2006, ACPA ilikuwa imetoa viwango vya ujuzi wa tathmini peke yake, vinavyojulikana kama ASK.

Isome orodha hiyo ukiwa na kalamu. Imeandikiwa vyuo vyenye ofisi nzima ya tathmini, na wewe una meza moja na labda kompyuta ya kushirikiana. Chukua eneo la tathmini tu, chora safu tatu: naweza leo, naweza nikisaidiwa, siwezi. Kisha chagua mambo mawili ya safu ya kati uyashughulikie mwaka huu. Ya safu ya tatu yaache yangoje. Nimeona watu wakikimbilia uchambuzi mzito wa takwimu ilhali hawajajua kuuliza swali la bweni likajibika.

Hatua ya 3: Jifunze kuuliza

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Mwulize mwanafunzi wa Pwani kama ameridhika na bweni, atakujibu alhamdulillahi, hata kama jana ameoga kwa kopo moja la maji. Hadanganyi. Amelelewa asimtie mwenyeji wake aibu, na wewe uliyemletea karatasi ndiye mwenyeji. Ndiyo maana hojaji nyingi za kuridhika huja na alama za juu ambazo hazimsaidii mtu. Dawa yake ni kuuliza lililotokea badala ya kuuliza hisia: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi bweni lenu halikuwa na maji asubuhi?" "Mara ya mwisho ulipotaka kumwona mshauri, ulisubiri siku ngapi?" Swali kama hilo linajibika bila kumvunjia mtu heshima, na jibu lake ni namba ambayo fundi wa maji au mhasibu anaweza kuifanyia kazi.

Swali moja libebe jambo moja. "Je, chakula ni kizuri na hutolewa kwa wakati?" ni maswali mawili, na anayejibu "hapana" hujui amekataa lipi. Kabla ya kuchapisha, kaa na wanafunzi watano hivi, kila mmoja asome maswali kwa sauti na akueleze alivyoelewa. Swali linaloelezwa kwa namna mbili liandikwe upya.

Andika kwa Kiswahili, lakini kiwe Kiswahili chepesi cha kawaida. Darasa moja la Lamu linaweza kuwa na mtu wa Amu (ndio mji wa Lamu wenyewe), wa Kiunga, wa Witu na wa Mpeketoni. Lahaja ya mtaani kwako itawaacha wengine nje, na Kiingereza kilichonakiliwa mtandaoni kitawaacha wengi zaidi.

Wakati nao una adabu zake. Wiki ya Maulidi mji wa Amu umejaa wageni na wanafunzi wengi wana shughuli; usigawe hojaji. Mwezi wa Ramadhani fupisha maswali na uyatoe asubuhi. Majadiliano ya vikundi hukaa vizuri baada ya Alasiri, na vikundi vya wasichana viongozwe na mwanamke. Hili la mwisho wengine hulichukulia kama mapambo. Jaribu kuuliza habari za vyoo na usalama wa njia ya usiku mbele ya mwanamume mgeni, uone utaambiwa nini.

Kuhusu idadi: wengi wetu tulifundishwa fomula ya Yamane, ya kugawa idadi ya watu kwa moja kuongeza idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha kosa unachokubali. Chuo chenye wanafunzi 300, kwa kosa la asilimia 5, kitakupa sampuli ya 171. Ukishafika zaidi ya nusu ya chuo, ya nini kuchagua? Waulize wote, kisha nguvu zako zielekeze kwa wasiojibu. Je, ni wale wanaokuja kwa boti na kuondoka mapema? Ni wa karakana? Kundi lililonyamaza mara nyingi ndilo lenye shida uliyokuwa ukiitafuta.

Kwa kukusanya majibu, KoboToolbox inafaa sana visiwani, kwa kuwa fomu zake hujazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye. Fomu za Google zinatosha pale ambapo mtandao haukatiki.

Hatua ya 4: Linda siri katika mji ambao kila mtu anajulikana

Vitabu vya Ulaya na Marekani husema ondoa majina, yatosha. Hapa kwetu haitoshi. Ukiandika "msichana wa mwaka wa pili, ufundi umeme, kutoka Kizingitini", umeshamtaja. Limebaki jina la babake tu. Kwa hivyo weka kanuni na uiandike mwanzoni mwa kila ripoti: kundi lenye watu chini ya 5 halionyeshwi peke yake. Unganisha miaka ya masomo, au unganisha idara, mpaka kundi likue.

Majibu ya kuandika kwa mkono yachape upya kabla ya mtu mwingine kuyaona, maana walimu wanazijua hati za wanafunzi wao. Ondoa ndani yake lolote linalomwelekea mtu: jina la kijiji, ugonjwa, kisa kinachojulikana mtaani. Karatasi zenyewe zifungiwe, na faili la kompyuta liwe na nywila. Usipige picha ya jibu ukalituma WhatsApp, hata kwa mkuu wako.

Sheria iko upande wako ukitaka kukataa shinikizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya, imani, asili ya mtu, ndoa na familia kuwa data nyeti zinazohitaji uangalifu zaidi. Data za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na katika vyuo vya ufundi wapo wanafunzi ambao hawajafika miaka 18. Mwalimu akija mezani, "Hebu nionyeshe nani kaandika hivi kunihusu," jibu la adabu lipo: "Mwalimu, nikikuonyesha leo nitakuwa nimevunja sheria, na muhula ujao hakuna atakayeandika chochote. Nitakuletea muhtasari wa idara nzima."

Ipo siri ambayo huruhusiwi kuiahidi. Mwanafunzi akiandika kwamba anadhulumiwa au anataka kujidhuru, lazima pawe na mtu wa kupokea habari hiyo siku ile ile. Kubaliana na mshauri wa wanafunzi kabla ya hojaji kutoka, na juu ya karatasi waambie wanafunzi waziwazi kwamba mambo ya hatari kwa maisha yatafikishwa kwake.

Na kama unawazia kuyachapisha matokeo yako katika jarida au kuyatumia kwa shahada, hapo umetoka kwenye uboreshaji wa ndani ukaingia kwenye utafiti. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na uziombe kabla hujakusanya.

Hatua ya 5: Hesabu chache, zilizo safi

Kwa miaka miwili ya mwanzo unahitaji vitu vinne: kuhesabu, wastani, thamani ya katikati, na jedwali la kulinganisha makundi mawili. Jedwali egemeo (pivot table) la Excel linatosha kwa yote. Ukitaka kusonga mbele bila gharama, jamovi na R ni za bure.

Onyo moja tu: kundi likiwa dogo, andika "4 kati ya 9", usiandike asilimia 44. Asilimia humfanya msomaji aone mabadiliko makubwa pale ambapo mtu mmoja tu amebadili mawazo.

Hatua ya 6: Matokeo yafike kwa wenye uwezo wa kuyatumia

Ripoti ya kurasa 40 huishia kabatini. Andika ukurasa mmoja: tuliuliza nini, tuliona nini, nani anaweza kufanya nini, mpaka lini. Jedwali ndefu ziwe kiambatisho kwa anayetaka kuchimba.

Kabla ya kikao, nenda kwa kila anayeguswa, peke yenu. Mtu asisikie habari za idara yake kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake. Ukimfanyia hivyo mara moja, atakuwa mpinzani wa kila hojaji utakayoleta. Tuseme wanafunzi wamelalamikia chakula cha mchana. Mazungumzo jikoni yanaweza kwenda hivi:

"Mwanangu, wamesema chakula changu kibaya?"

"Hasha, mama. Wamesema wanaotoka karakana saa saba na nusu hukuta sufuria tupu."

"Basi hilo ni la ratiba, si la jiko."

Mama huyo amekwisha kukusaidia kulichambua tatizo, na kikaoni atakuwa upande wako. Sasa ukurasa wako unaelekezwa kwa anayepanga ratiba.

Matokeo pia yarudi kwa wanafunzi, kwenye mkusanyiko au ubao wa matangazo: mlisema hili, tumefanya hili, na lile haliwezekani mwaka huu kwa sababu hii. Sehemu ya mwisho ndiyo ofisi nyingi huikwepa, nayo ndiyo inayojenga imani. Mwanafunzi anaelewa kwamba hakuna pesa za tangi jipya. Asichoelewa ni kimya.

Hatua ya 7: Toka kwenye kuridhika, ingia kwenye kujifunza

Hapa ndipo afisa wa tathmini anapotengana na mgawa hojaji. Kitengo cha masuala ya wanafunzi kinafundisha, ingawa hakina darasa: uongozi kwa baraza la wanafunzi, kusimamia pesa, kutatua ugomvi wa bwenini. Mwulize mkuu wako: baada ya mafunzo ya viongozi, tunataka waweze kufanya nini ambacho kabla hawakuweza?

Tuseme jibu ni kwamba mweka hazina wa baraza aweze kuandaa bajeti ya shughuli. Basi kabla ya mafunzo mpe kila mshiriki karatasi aandike bajeti ya safari ya siku moja kwenda Gede, na baada ya mafunzo aandike nyingine. Tengeneza jedwali lenye vigezo vinne: nauli na boti zimehesabiwa, bei ni za kweli, kuna akiba ya dharura, jumla ni sahihi. Watu wawili wasahihishe kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe alama. Mkitofautiana sana, vigezo vyenu havijaeleweka. Virekebisheni kabla ya kumhukumu mtu.

Kazi moja kama hiyo kwa mwaka ina uzito kuliko hojaji kumi za kuridhika, na kwenye usaili utakuwa na la kueleza ambalo wengi hawana.

Hatua ya 8: Weka daftari la maamuzi

Safu sita: tarehe, swali, aliyeliomba, tulichogundua, uamuzi uliofanywa, kilichotokea muhula uliofuata. Ya sita ndiyo ngumu, kwa sababu inakulazimu kupima tena. Mfano wa jikoni ungeandikwa: chakula cha karakana kimetengwa tangu wiki ya tatu, muhula uliofuata, waliokuta sufuria tupu wameshuka au hawakushuka. Kama hawakushuka, andika hivyo hivyo. Ambatisha nakala ya kumbukumbu za kikao zilizotaja uamuzi huo, kwa kuwa wakuu wa vyuo huhamishwa, na anayekuja hajui uliyofanya.

Hatua ya 9: Sasa vyeti, na watu

Anza na vya bure. Chama cha SAAL, kinachowaunganisha viongozi wa tathmini ya masuala ya wanafunzi huko Marekani, kimewahi kuendesha kozi ya wazi mtandaoni bila ada. Fuatilia matangazo yake. Kwa mafunzo mafupi ya utumishi wa umma, Chuo cha Serikali cha Kenya kina kampasi Mombasa.

Shahada ya uzamili ni hesabu nyingine, na jiografia inaingia. Aliye Malindi yuko kama kilomita 60 kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Anaweza kwenda na kurudi. Aliye Amu ana boti hadi Mokowe, kisha basi la Witu, Garsen na Malindi, na siku imekwisha. Kwake masomo ya mbali ndiyo yenye akili. Chagua upimaji na tathmini ya elimu, au uongozi wa elimu. Stashahada ya pili ya ngazi ile ile uliyonayo ni pesa zilizopotea, hata ikiwa na jina la kupendeza.

Ukitaka chuo kilipe, kumbuka mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Ombi linaloletwa Agosti limechelewa. Lipeleke wakati bajeti inapangwa, na uambatishe daftari lako la maamuzi badala ya kurasa za matangazo ya kozi.

Kuhusu watu, Kenya ina chama cha watathmini, Evaluation Society of Kenya, na bara zima lina AfrEA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Kwa upande wa huduma za wanafunzi duniani kuna IASAS. Ila usidharau kundi la wenzako wanne au watano wa vyuo vya Lamu, Malindi na Kilifi. Badilishaneni hojaji tupu na vigezo. Data za wanafunzi zisipite humo kamwe.

Hatua ya 10: Kuomba cheo, au kuondoka

Ndani ya chuo, njia ya kawaida huelekea udhibiti wa ubora, ofisi ya msajili, au umkuu wa wanafunzi. Nje ya chuo ujuzi wako unaitwa kwa jina jingine: ufuatiliaji na tathmini. Serikali za kaunti zinauhitaji kwa mipango yao, na mashirika yasiyo ya kiserikali huutangazia kazi kila mara. Kwenye wasifu wako tumia jina hilo, na badala ya kuandika "niligawa hojaji" andika kilichobadilika, kwa mistari mitatu iliyotolewa kwenye daftari.

Ukipata kazi mpya, tenga siku za makabidhiano. Unachoweza kuchukua ni hojaji tupu, vigezo ulivyotunga na, kwa idhini ya maandishi, ripoti zisizomtambulisha mtu. Majibu ya wanafunzi yabaki chuoni. Nakala zilizo kwenye simu yako, kwenye barua pepe yako na kwenye flashi zifutwe mbele ya anayekurithi, na nyote wawili mtie sahihi karatasi inayosema hivyo.